Maji ya Kazi

Nilimsikia Uwingabire kabla sijamwona. Alikuwa ndani ya siterne yangu, lile tangi la mawe la kukingia maji ya mvua lililo nyuma ya nyumba yangu hapa Majengo, na alikuwa anazungumza na ukuta. "Kaa vizuri," aliuambia. "Kaa vizuri, usinipatishe haya." Baada ya kitambo mkono mweupe kwa simenti ulitokeza kwenye tundu la juu, kikafuata kichwa kilichofungwa kitambaa, kisha mwanamke mzima, mwembamba, magoti yote mawili yamechubuka. Akanisalimia kama mtu anayetoka mlangoni.

Mimi ni Kadidja. Watu wananiita Mama Jamila. Wazazi wangu walikuja Goma kutoka Maniema na biashara ya vitambaa, na mimi nimezeekea kwenye vitambaa hivyohivyo. Kuandika si kazi yangu. Lakini watu wengi hapa kwetu wanajua nusu tu ya habari za Uwingabire, na hata nusu hiyo wanaisimulia vibaya. Kuna sehemu ambayo ninaijua mimi peke yangu, kwa sababu inanihusu.

Alizaliwa Kibumba, kwa wakulima wa kabichi na viazi. Mwaka 2012 vita viliwatoa kwao, wakashuka na godoro moja mpaka kambi ya Kanyaruchinya. Baba yao alikuwa amekwisha kufariki. Mama yao, Mukamugema, alifia kambini kabla mwaka haujaisha, kwa homa ambayo hakuna aliyewatajia jina lake. Uwingabire alikuwa na miaka kumi na tisa. Mdogo wake, Umwiza, alikuwa na saba. Wakabaki wawili.

Kazi aliyoipata ilikuwa ile wanayoipata wanawake wengi wasio na kitu: kuvunja mawe. Alikaa kando ya barabara na nyundo kutwa nzima, akiyapasua mawe meusi ya volkano kuwa kokoto za kuuzia wajenzi. Umwiza akitoka shule alikuja kukaa karibu naye. Hakucheza. Alizipanga zile kokoto mafungu mafungu, ndogo kwa ndogo, kubwa kwa kubwa, na mnunuzi akivuruga mafungu yake alinuna.

Fundi mmoja, Papa Habumugisha, alikuwa akinunua kokoto zake hapo. Alijenga siterne, na alikuwa mtu mnene. Siku moja msaidizi wake alikataa kuingia tangini kupiga lipu kwa ndani, akisema kule ni kama kaburi. Papa Habumugisha akatazama tundu, akatazama tumbo lake mwenyewe, kisha akamtazama yule msichana mwembamba wa kokoto.

"Unaweza kuingia humu?"

"Nikiingia, utanifundisha?"

Alimfundisha. Kwa miaka minane Uwingabire alikuwa ndani ya matangi ya watu. Alijifunza kuchanganya simenti kwa jicho, kusugua ukuta kwa mwiko hadi ung'ae, kusikia kwa ngumi mahali penye upepo chini ya lipu. Papa Habumugisha alipochoka kazi, alimwachia vyombo vyake vyote. Lakini wateja hawakumfuata. Walimwona mwanamke na ndoo, wakamuuliza fundi yuko wapi.

Mambo yalibadilika mwaka 2023. Volkano ya mwaka 2021 ilikuwa imemeza nyumba nyingi upande wa Buhene, na watu walikuwa wanajenga upya ovyo ovyo, kwa mbao za miti iliyokatwa milimani na matofali yaliyochomwa kwa miti ileile. Ndipo muji, yaani serikali ya mji wetu, ukatoa uamuzi. Anayejenga kwa mawe ya hapa badala ya matofali ya kuchoma, anayeweka siterne ya kukinga maji ya mabati, anayeacha theluthi ya kiwanja bila simenti na kupanda miti humo, anayefungua madirisha ya kutosha ili mchana asiwashe taa, huyo faili yake itatangulia ofisini, na kodi ya ruhusa ya kujenga itapungua nusu. Mtu wa ofisi angekuja kupima kazi ikiisha na kutoa hati.

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kartie, yaani ofisi ya mtaa. Umwiza ndiye aliyelisoma. Wakati huo alikuwa anasoma ujenzi kwenye shule ya ufundi, msichana mrefu mwenye kalamu ya risasi iliyochomekwa kwenye nywele. Aliteremka mbio mpaka mahali dada yake alipokuwa anachekecha mchanga, akimwita kwa jina la dada mkubwa.

"Yaya! Muji unasema ile kazi unafanyaka njo nzuri!"

"Muji haunijui mimi."

"Haukujui, lakini unasema vile. Mawe, siterne, vyote. Iko imeandikwa na muhuri."

Uwingabire alinisimulia kwamba alikwenda kuliangalia tangazo lile mwenyewe, ingawa hasomi vizuri, na alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Tangu Kibumba, alisema, karatasi zote zenye muhuri alizowahi kuziona zilikuwa za kumwondoa mahali. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kumwambia abaki.

Mimi niliingia kwenye mambo hayo kwa ajili ya kodi, sitaficha. Nilitaka kuongeza vyumba viwili nyuma, na nusu ya kodi si kitu cha kuacha. Nikaambiwa kuna fundi mwanamke wa siterne ambaye matangi yake hayavuji. Ndivyo alivyokuja kwangu, na ndivyo Umwiza alivyokuja pia, kwa sababu palipokuwa na mmoja mwingine hakukosa.

Umwiza alizunguka nyumba yangu mikono nyuma kama mkaguzi. Akafika jikoni.

"Mama Jamila, hapa unapikiaka mu giza kwa nini, na jua iko inje bure?"

"Mutoto, hii jiko iko vile tangu bwana yangu alikuwa mzima."

"Na yeye alikuwaka anapika?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Juma lililofuata nikabomoa ukuta na kufungua dirisha. Papa Élisée, mtu wa ofisi ya ujenzi ya komini, ile manispaa yetu, alipokuja na utepe wake wa kupimia, aliliandika dirisha hilo, akaandika siterne, akaandika miti yangu miwili ya avoka. Alikuwa mtu mpole aliyependa kazi yake kuliko kazi ile ilivyompenda yeye. Aliingiza kichwa kwenye tundu la siterne na kuita jina lake mwenyewe ili asikie ukuta unavyojibu.

"Nani alipiga hii lipu?"

Nikamwonyesha. Tangu siku hiyo, kila aliyemuuliza Papa Élisée habari za fundi alitajiwa Uwingabire. Kazi zikaja kutoka Katoyi, kutoka Ndosho, kutoka Keshero. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 alikuwa amemaliza siterne thelathini na nane kwa jina lake mwenyewe, na hakuna tena aliyemuuliza fundi yuko wapi.

Kwa jasho hilo, katikati ya mwaka huo, walinunua kiwanja. Kilikuwa kidogo, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, juu kuelekea Buhene, jiwe tupu lisiloota hata jani. Umwiza alichora nyumba yao juu ya meza yangu ya vitambaa, kwa sababu kwenye kibanda walichopanga hapakuwa na meza. Vyumba viwili na kimoja kidogo zaidi. Kuta za mawe. Mabati yaliyoinamishwa upande mmoja ili maji yote yaelekee siterne. Madirisha makubwa upande unakotoka upepo wa ziwa. Kwenye kona alichora vijiduara viwili.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Miti. Muji unataka miti."

"Juu ya jiwe?"

"Tutachimba, tutaleta udongo na gunia. Yaya alishabebaka vizito kupita hivyo."

"Na hiki chumba kidogo?"

Aliona haya kidogo. "Cha kuchorea. Niweke meza yangu, nisisumbue vitambaa vyako."

Faili yao ilipita kwa siku ishirini na sita. Papa Élisée mwenyewe alileta ruhusa, na Umwiza aliisoma kwa sauti katikati ya barabara, kila neno, mpaka jina la mtu aliyetia sahihi. Uwingabire alikaa juu ya lundo la mawe akasikiliza, uso ameuinamisha. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani hata yeye hakujua.

Kuta zilipofika magotini, mwezi wa kumi na mbili, Umwiza ndiye aliyesema wasimame hapo, siterne itangulie. Ilikuwa akili nzuri, na hata leo fundi yeyote atakwambia ilikuwa akili nzuri. Siterne ikiwa tayari, mvua za mwezi wa tatu zingeijaza, na maji hayo yangejenga nyumba yote iliyobaki bila kununua hata bidoni moja, yaani dumu la maji. Kwa hiyo walihamia kwenye kiwanja, kwenye kijumba cha mbao walichokisimamisha pembeni, wakaanza tangi. Walipiga lipu ya mwisho katikati ya mwezi wa kwanza mwaka 2025, Uwingabire akiwa ndani, Umwiza juu akimteremshia ndoo.

Kuna jambo moja la kazi hiyo ambalo lazima nilieleze. Simenti mbichi inakunywa. Uwingabire alizoea kusema inakunywa kama mtu wa homa. Kwa majuma matatu huwezi kuiacha ikauke. Asubuhi na jioni unaimwagia maji ndani na nje, maana ikikauka haraka inapasuka, na siterne yenye ufa ni shimo tu. Mwezi wa kwanza mvua ni chache. Kule juu hakuna bomba. Walinunua maji yaliyopandishwa kutoka ziwani kwa chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma, maji ambayo hakuna aliyeyatia dawa. Hayo ndiyo waliyaita maji ya kazi. Bidoni zake zilikuwa saba, na Uwingabire alizipaka simenti shingoni zisije zikachanganyika na mbili za maji ya kunywa, ambazo walizichota bombani upande wetu. Alikuwa mkali sana kwa hilo. Kambini Kanyaruchinya aliona watu wakifa kwa kipindupindu, na hakusahau.

Jumamosi tarehe ishirini na tano alikwenda Keshero kumalizia siterne ya mteja. Lipu ikishaanza haiachwi katikati. Kila mtu alijua vita viko karibu, lakini tumekaa na vita karibu miaka mingi, na mtu hawezi kukaa tu nyumbani akisubiri. Alimwachia mdogo wake neno moja.

"Usisahau kumwagia siterne. Asubuhi na jioni."

"Nitasahau aje? Njo nyumba yetu ile."

Jioni hakukuwa na pikipiki ya kurudi. Jumapili umeme ulikatika, maji yakakatika, simu zikawa hazishiki. Jumatatu vita vilikuwa mitaani. Sina haja ya kueleza milio ile, aliyeisikia anaijua. Uwingabire na ile familia ya Keshero, watu sita, waliingia ndani ya siterne mbichi aliyoimaliza Jumamosi, wakakaa humo wameshikana mikono, na mabomu yakapita juu yao. Siku mbili. Aliniambia kwamba muda wote huo hakuogopa kwa ajili ya Umwiza, kwa sababu Umwiza naye alikuwa na siterne ya kuingia.

Na kweli aliingia. Hakuna risasi iliyomgusa.

Sasa nafika kwenye sehemu yangu. Siterne yangu ilikuwa na maji hadi kiunoni. Jumanne kabla ya adhuhuri milio ilitulia kwa muda, nikasikia watoto wa majirani wanalia kiu, nikafungua lango. Watu walikuja wengi, na ndoo, na sufuria, na hata viatu vya mvua. Mimi na binti yangu Jamila tuliwachotea mpaka milio ikaanza tena. Nilimpa kila aliyenyoosha mkono. Watu walinibariki. Na katika saa nzima ile sikujiuliza hata mara moja: Umwiza yuko wapi? Nilimwona Nabintu wa mtaa wa pili, nilimwona mzee wa nyumba ya kona, nikafurahi kwamba nyuso zipo. Uso wa Umwiza haukuwapo, na mimi sikuutafuta. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi.

Jumatano Uwingabire alitoka Keshero kwa miguu. Alipita kati ya mji mzima, na alichokiona njiani hajakisema. Alipofika kiwanjani aliita, hakuitikiwa. Alimkuta Umwiza amelala nyuma ya kijumba, kwenye kivuli cha siterne, macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo siku nzima. Nguo zake zilikuwa zimelowa. Karibu yake palikuwa na bidoni tupu, shingo yake ina simenti.

"Yaya," Umwiza alisema, na sauti ilikuwa kama ya mtu anayesemea mbali, "nilikunywa ya kazi. Ya kunywa iliisha Jumapili."

"Nyamaza. Usiseme."

"Makaa haikuwako ya kuchemshia."

"Nyamaza, mama yangu, nyamaza."

"Siterne haijapasuka. Niliimwagia yote. Asubuhi na jioni. Angalia."

Uwingabire hakuangalia. Alimbeba mgongoni kama alivyombeba kutoka Kibumba, akashuka naye mpaka kwangu, na mimi nilipofungua lango sikumtambua yule aliyebebwa. Jirani alitoa chukudu yake. Tulimlaza juu ya vitambaa vyangu tukamsukuma mpaka kituo cha afya. Kilikuwa kimejaa majeruhi hadi uani. Muuguzi aliyetupokea alikuwa hajalala siku tatu, na alifanya yote ambayo mtu anaweza kufanya. Alitafuta mshipa mkono wa kulia, akatafuta wa kushoto, akatafuta mguuni. Maji ya mshipa yalipopatikana yalikuwa chupa mbili tu. Alhamisi saa tano ya asubuhi Umwiza aliomba maji. Dada yake alimnywesha kwa kijiko, maji yaliyochemshwa, moja, mbili, tatu. La nne halikuingia.

Alikuwa na miaka kumi na tisa na miezi kumi.

Tulimzika siku hiyohiyo, watu wachache, kwa haraka, kwa sababu makaburini kulikuwa na foleni. Uwingabire hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu, tukiwa tunarudi.

"Mama Jamila, Jumanne maji ilikuwako kwako?"

Ningeweza kusema uongo. Sijui kwa nini sikusema.

"Ilikuwako."

"Watu walichota?"

"Walichota."

Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeulizia bei ya kitu akaambiwa. Hakunilaumu, si siku hiyo, si baadaye. Lakini kwa miezi miwili hakufika kwangu, na mimi sikuwa na miguu ya kwenda kwake.

Mvua za mwezi wa tatu zilikuja kubwa. Nyumba ilikuwa bado haina paa, ila bati la kijumba cha mbao lilitosha kukinga, na siterne ikajaa mpaka ikamwagika. Majirani wa kule juu walianza kuja na bidoni. Uwingabire aliwaachia wachote, hakumzuia mtu. Yeye mwenyewe hakunywa hata tone. Alikuwa anashuka kilomita nzima kununua maji bombani, wakati yale yanammwagikia miguuni.

Mwezi wa nne Papa Élisée alipanda kwake kwa miguu. Tangu vita, ofisi yake ilikuwa haifanyi tena kazi kama zamani, na mshahara ulikuwa haupo. Lakini faili za watu alikuwa amezibeba nyumbani kwake kwenye mfuko, siku zile za vurugu, na alikuwa ameahidi kwamba tangi hili likiisha atakuja kulipima. Alinipitia ili nimsindikize. Nadhani aliogopa kwenda peke yake. Mimi pia.

Alipima. Aligonga ukuta kwa jiwe dogo, akazunguka, akagonga tena. Akapanda juu akachungulia.

"Haina ufa," alisema. "Hata mumoja. Mama Uwingabire, nimeona siterne nyingi katika kazi yangu. Kama hii, hapana."

Uwingabire alikuwa amesimama mlangoni mwa kijumba, mikono ameifunga kifuani.

Papa Élisée alitoa karatasi yake. Akaandika eneo, akaandika mawe, akaandika lita. Kisha, kwa mazoea tu, kwa kuwa swali lipo kwenye karatasi, akauliza: "Muko wangapi mu nyumba?"

Nilimgeukia Uwingabire. Papa Élisée aliinua macho, akaona nyuso zetu, akajua alichokisema, akatamani ardhi immeze. Alikuwa hajui kwamba yule msichana wa kalamu kwenye nywele amefariki. Mimi nilidhani ameambiwa, naye Uwingabire alidhani mimi nimemwambia.

"Niko mumoja," Uwingabire alisema mwishowe. "Andika mumoja. Na andika tena kitu ingine, Papa Élisée. Hiyo karatasi iko na nafasi ya kuandika maji ya kumwagia ilitoka wapi?"

"Maji gani?"

"Maji ya kazi. Mulituambia tujenge siterne, ni vizuri, miye sikatai. Munapima mawe, munapima miti, munapima dirisha. Lakini mutu anajenga siterne kwa sababu hana maji. Kwa juma tatu simenti inakunywa, na yeye mwenye hana maji, atatoa wapi? Ziwani. Ataiweka mu nyumba, karibu ya sahani yake. Hiyo mulipima?"

Papa Élisée alitazama karatasi yake mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta kweli. "Haiko," alisema. "Hatukuifikiria." Kisha akasema kwamba ingepaswa kuwekwa, kwamba mtu akipewa ruhusa apewe na maji yenye dawa ya kutosha majuma matatu, kwamba si kitu kikubwa, gari moja la maji kwa mtaa lingetosha. Alizungumza haraka haraka, akihesabu kwa vidole. Halafu akavikunja vidole vile, kwa sababu sote watatu tulijua kwamba kwa wakati ule hakukuwa na meza ya kulipeleka wazo hilo.

Hati aliiandika akaiweka juu ya jiwe. Uwingabire hakuigusa tulipokuwa pale.

Nilibaki nyuma baada ya Papa Élisée kuondoka. Nilimwambia yale niliyokuja nayo: kwamba anayemwagia siterne mpya katika mtaa huu, kuanzia leo, achote kwangu, bure, na kwamba aje akae nami, chumba kipo, kile cha nyuma alichokijengea tangi yeye mwenyewe.

"Asante, Mama Jamila. Ya maji nimekubali. Ya chumba hapana."

"Utakaa hapa peke yako mpaka lini?"

"Sijui." Alitazama kuta za nyumba, zilizofika magotini tangu mwezi wa kumi na mbili na kusimama hapo. "Kile chumba kidogo sijui nikifanyie nini. Nikijenga bila hicho, haitakuwa nyumba yenye alichora. Nikijenga na hicho, nani atakaa ndani?"

Nilikaa naye mpaka jua lilipopungua, tukichambua maharage ambayo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuyala.

Kazi ameirudia. Nyumba yake imebaki magotini, lakini za watu anajenga, kwa sababu ni lazima ale, na kwa sababu, nadhani, ndani ya tangi hakuna mtu wa kumuuliza hali. Ila sasa ana swali analoliuliza kabla ya kushika mwiko: maji ya kumwagia yatatoka wapi? Mtu akisema ziwani, anamtaka aweke dawa kwenye kila bidoni mbele ya macho yake, hata hizo za simenti. Wengine wanamcheka. Wanasema, mama, simenti haiugui. Wanamfukuza, wanachukua fundi mwingine. Amepoteza kazi nyingi kwa njia hiyo.

Juma lililopita nilipita Katoyi kupeleka vitambaa, nikamwona kwenye kiwanja cha bwana mmoja, Julien, mfanyabiashara wa viatu, mtu mwenye sauti kubwa. Walikuwa wanabishana. Bidoni kumi zilikuwa zimepangwa ukutani, na mtoto wa yule bwana alikuwa amekalia moja, akichezea mfuniko. Julien alisema hana muda wa mambo ya dawa, simenti imeshachanganywa, itaharibika. Uwingabire alinyoosha kidole kumwonyesha yule mtoto. Alikaa juu ya lundo la mawe, palepale mbele ya wasaidizi wote, akalia kwa sauti, kilio ambacho sikukisikia makaburini.

Julien alisimama hajui aweke mikono wapi. Alimtazama fundi wake, akatazama simenti iliyokuwa inaanza kukauka kwenye karai. Kisha akamnyanyua mtoto kutoka kwenye bidoni, akampa mke wake, akatoka barabarani mwenyewe kutafuta dawa ya maji.